Trei ya Dirishani

Mimi ni fundi magari hapa Same. Ufundi sikuusomea popote, nilijifunza kwa kufungua na kufunga, na gari lako likiwa limekufa nakwambia limekufa. Kwa hiyo yaliyompata mdogo wangu Asteria nitayasema yalivyo. Anayetaka kubisha abishe.

Ilikuwa Jumamosi, jua zuri. Nilikuwa nampandisha Asteria Myamba kwa mama mkwe wake, Bibi Agatha, akamwone mjukuu kwa mara ya kwanza. Mtoto anaitwa Agape, wa kiume, miezi sita, hata kukaa alikuwa hajajua. Tulipofika kona za juu, hewa imeanza kupoa, nikamwona Asteria analia.

"Nini tena?"

Akamfunua mtoto mdomo. Meno mawili yamechomoza. Ya juu. Chini fizi tupu.

Kigego, mtoto wa mkosi. Mababu zetu walimlaza mtoto wa hivyo ukingoni mwa jiwe refu, akageuka mwenyewe usingizini, akaanguka. Siku hizi hakuna anayefanya hivyo, watu wanasali. Lakini Bibi Agatha, pamoja na uzee wake wa kanisa, hajawahi kupokea mjukuu bila kumtia kidole mdomoni.

"Atamkataa, kaka. Na Baba Agape anamsikiliza mama yake kuliko mimi."

"Akimkataa nitamwambia usoni. Meno ni meno!"

Ili atulie kidogo, nikasimama kwenye kiwanda kidogo cha chokoleti kilichoko njiani, chini ya jiwe moja kubwa. Kakao inatoka Kyela, lakini wamejenga huku kwa ajili ya baridi. Mama mmoja mfanyakazi, Elinaza, akatuvalisha kofia za neti na kututembeza. Kwa vile chumba cha mashine kilikuwa na kelele, Asteria akamlaza Agape, amesinzia, juu ya khanga kwenye chumba cha kupoozea.

Dirisha la chumba kile lilikuwa wazi, linatazama jiwe. Kwenye ukingo wake kulikuwa na trei ya chokoleti, vipande kumi na viwili vimepangwa.

"Hizi mnawawekea nyani?" nikacheka. "Mali nzuri hivi!" Nikachukua vitatu, nikatafuna.

Elinaza akanitazama mdomo mpaka nikameza.

"Hiyo ni trei ya kwanza ya siku, baba," akanong'ona. "Huwa hatuigusi. Ni ya watoto."

"Watoto gani?"

Akanyoosha kidevu kuelekea kwenye jiwe.

"Mama, tusitishane mchana kweupe."

Tukaingia kwenye mashine. Dakika tano. Sita labda.

Tuliporudi, trei ilikuwa tupu. Agape alikuwa amekaa. Amekaa wima, ametugeuzia mgongo, anatazama dirisha. Vidole vimejaa chokoleti. Hakugeuka mama yake alipomwita. Na ile khanga aliyolalia haikuwa na kunjo hata moja.

Elinaza hakuvuka mlango. "Mtazameni vizuri kabla hamjaondoka," akanong'ona.

Nilimfokea. Kisha nikanunua chokoleti moja, isisemwe nimekula vya watu bure, nikaitupa kwenye droo ya gari. Tukaondoka. Njia nzima hadi Myamba mtoto hakulia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba wanangu. Haya, nipeni mume wangu!" Bibi Agatha akacheka, akanawa mikono. Akatia kidole. Kucha za Asteria zikaingia kwenye mkono wangu.

"Mawili!" bibi akasema. "Ya chini! Bwana asifiwe!"

Majirani wakapiga vigelegele. Nikachungulia mwenyewe. Mawili, ya chini. Juu fizi tupu.

Asteria akanivutia jikoni.

"Huyu si mwanangu, kaka."

"Nyamaza. Si ndicho ulichokuwa unaombea?"

Nilisema hivyo. Mimi, mnyoosha maneno. Nilisema hivyo kwa sababu ladha ya ile chokoleti ilikuwa bado mdomoni mwangu na haikutaka kutoka.

Alasiri ileile nikamrudisha Asteria kiwandani. Tulilizunguka jiwe hadi jua likazama, Asteria anaita jina, huku yule aliyembeba mgongoni anaangalia pembeni. Nyasi tu. Elinaza alisimama mbali, ameshika kofia yake. Polisi ningewaambia nini? Mtoto yuko mgongoni mwa mama yake, mzima.

Wiki mbili baadaye nikafungua droo ya gari. Kwa joto la Same, ile chokoleti ilipaswa kuwa uji. Ilikuwa ngumu. Ya baridi. Karatasi imefungwa vilevile kama ilivyotoka kiwandani. Nikaichana.

Kona imeng'atwa. Upande wa juu, alama mbili ndogo. Upande wa chini, laini.

Sikumficha Asteria, nikampelekea. Hakupiga kelele. Alipitisha kidole kwenye zile alama, taratibu, kama anayepangusa mdomo wa mtoto.

Sasa kila mwezi napanda kununua moja. Naichagua mwenyewe, imefungwa, naikagua pande zote. Tunaifungua kwake, mlango tumeubana. Yule mwingine anakaa sakafuni, anatutazama.

Alama zilikuwa mbili. Mwezi huu ni nne, zote za juu.

"Anakua," Asteria akanong'ona.