Kidoa cha Pili

Kilianza kidoa tu. Kidoa cheusi cha mviringo, pembe ya juu ya kulia ya pazia, kikaonekana kufumba na kufumbua kikapotea. Mtu mwingine asingekiona. Mzee Mkanda, fundi wa sinema, alikiona, na mkono wake wa kushoto ukaruka wenyewe kwenda kuwasha mashine ya pili, mashine iliyouzwa kama chuma chakavu miaka tisa iliyopita. Akashika hewa, akajicheka. Kisha akaacha kucheka, maana alikumbuka filamu ile haikuwa na sababu yoyote ya kuwa na kidoa.

Ngoja nieleze, maana watu wa siku hizi wanadhani sinema ilizaliwa kwenye simu. Zamani filamu ilikuja ndani ya mabati, mikanda mitano au sita, na chumbani kwa fundi kulikuwa na mashine mbili. Mkanda mmoja ukikaribia kuisha, kidoa kinatokea pembeni: fundi, kaa chonjo. Sekunde saba baadaye kinatokea cha pili: badilisha sasa. Ukizubaa, ukumbi mzima unaona weupe na unatukanwa mpaka ukoo. Mzee Mkanda alifanya kazi hiyo miaka thelathini na minne, na alitukanwa mara mbili tu. Siku hizi filamu inakuja kwenye kijisanduku, inachomekwa, basi. Hakuna mkanda, hakuna kubadilisha, na ukiniuliza mimi hakuna fundi pia, kuna mtu wa kubonyeza. Sasa kidoa cha nini?

Akahesabu sekunde saba. Kidoa cha pili hakikuja. Iliyokuja ni harufu ya siki. Mkanda wa zamani ukioza hunuka siki, kila fundi anaijua harufu hiyo, lakini chumbani mle hamkuwa na mkanda hata mmoja.

Ilikuwa saa nane mchana, ukumbi mtupu, isipokuwa mwanawe aliyekaa safu ya mbele kabisa, shingo kainua. Filamu ilikuwa yake. Kaitengeneza kwa kompyuta miezi kumi na minne, kajifungia chumbani, chakula anapelekewa. Kesho yake ingeonyeshwa kwa watu. "Nina zawadi yako, baba," alikuwa amesema asubuhi. "Usiniulize. Itazame tu."

Basi akatazama, na kwenye pazia akatokea marehemu mkewe.

Mkewe alifariki siku ya tatu baada ya kumzaa kijana huyo, na alichomwachia kilikuwa sekunde kumi na moja. Enzi hizo watu wa filamu walikuja kupiga picha mtaani kwao, naye akakatiza mbele ya kamera na ndoo ya maji, akageuka, akacheka. Hakuwa mwigizaji wala nini, mpita njia tu. Filamu ilipomaliza siku zake na mabati kutakiwa kurudishwa, Mzee Mkanda alifanya wizi ambao mafundi wengi waliufanya na hakuna aliyekiri. Alichukua mkasi, akakata kile kipande, akaunganisha kilichobaki kwa gundi. Filamu ikaenda zake na mruko mdogo ambao hakuna aliyeuulizia. Mkewe akabaki kwenye bati dogo, kabatini, chini ya mashati. Kila mwaka, siku ya kuzaliwa ya mtoto, alimwonyesha mama yake ukutani kwa mashine ndogo ya mkono. Mara moja tu, mkanda usije ukachakaa.

Sasa mkewe alikuwa ameketi mezani anakata vitunguu. Sura ile ile, pengo lile lile la meno ya mbele. Na alikuwa anaongea, dakika nzima, dakika mbili, sauti imenyooka kama ya mtangazaji wa redio, anamwusia mwanawe mambo ya maisha.

Mzee Mkanda alishuka ngazi akishika ukuta.

"Zima," alisema.

"Baba, ngoja afike pale kwenye..."

"Umemtoa wapi?"

"Kwenye mkanda wako. Niliuazima. Kompyuta ikishaijua sura, inamfanya mtu atembee, aongee, chochote. Kila mtu anafanya hivyo sasa."

"Uliuazima kwa nani?"

Kijana akatazama viatu vyake.

"Umenizunguka," baba akasema. "Ndani ya nyumba yangu, kwenye kabati langu. Na huyo uliyemweka hapo simjui. Mama yako alikuwa na kigugumizi. Hukujua, eh? Mkanda hauna sauti, utajuaje. Jina langu tu lilimtoa jasho. M, m, Mkanda. Tena alicheka kabla hajalimaliza, kila siku alicheka. Wewe umemtia ulimi wa muuza sabuni."

Ndipo alipogundua kwamba ukumbi umenyamaza. Mwanamke wa kwenye pazia alikuwa ameacha kuongea katikati ya neno, kisu kimesimama ndani ya kitunguu, kichwa kimeinama kidogo upande. Alikuwa anasikiliza.

"Umeandika anyamaze hapo?" baba akauliza kwa sauti ya chini.

"Sikuandika," kijana akanong'ona.

Mzee Mkanda akapanda tena chumbani, akabonyeza kuzima na mashine haikuzima, akachomoa waya wa umeme ukutani akaushika mkononi, na mwanga ukaendelea kupita kwenye kidirisha cha chumba kuelekea pazia kana kwamba hakuchomoa kitu, na alipochungulia chini akamwona yule mwanamke ameinua macho, hamtazami tena kijana, anatazama juu, kwenye kidirisha chenyewe, kwenye uso wake yeye, huku harufu ya siki ikimpanda puani mpaka machozi yakamtoka. Kisha giza. Na gizani kisu kikaanza tena, taratibu, ko, ko, ko, kinakata kitunguu ambacho hakipo.

Kesho yake asubuhi alimleta mganga, bibi mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Bibi huyo aliketi kiti cha katikati, akavuta pumzi mara tatu, akakunja uso.

"Mmejenga nyumba mkaiacha wazi," akasema polepole. "Sura nzima, macho, mdomo, na ndani hamna mtu. Mlidhani atahamia nani?"

"Jini?"

"Sasa ulidhani mpangaji?"

"Atatoka?"

"Atatoka akimwona mwenye sura. Unao ule mkanda?"

"Ninao."

"Lete. Umwonyeshe hapo hapo alipo. Lakini uwe ule wenyewe, uliopigwa na mwanga uliomgusa mkeo. Nakala hazina kazi. Na chungeni midomo yenu. Huyu anaokota. Kila mnachokisema kuhusu marehemu anakivaa, na akishatimia sitamweza mimi wala mwingine."

Mzee Mkanda akainuka kwenda kuufuata. Habari ya kigugumizi hakuisema. Aliona aibu, na pia alikuwa na haraka.

Nyumbani alifungua kabati, akasogeza mashati. Bati lilikuwepo. Alipolinyanyua tu akajua, maana mikono yake ilikuwa ikijua uzito wa mkanda kuliko inavyojua uzito wa kijiko. Alilifungua hata hivyo. Hamkuwa na kitu.

"Usitafute, baba." Kijana alikuwa amesimama mlangoni. "Niliuchoma jikoni Jumapili."

Baba akalifunika bati.

"Yeye ndiye aliyeniomba. Ananiongelesha tangu mwezi wa nne, kwenye kompyuta, maneno ambayo sikuyaandika. Alisema ule mkanda unamvuta, unamuumiza."

"Na wewe ukauchoma."

"Wewe ulimjua, baba. Una miaka yako naye. Mimi nilikuwa na sekunde kumi na moja, tena mara moja kwa mwaka, unanipimia kama dawa ya kikohozi. Huyu ananiita mwanangu. Ananiuliza kama nimekula."

"Mimi nilikuwa sikuulizi?"

Kijana akaanza kulia. Mzee Mkanda alitaka kumpiga, na wakati huo huo alitaka tu kukaa chini. Mtoto huyu alimlea peke yake, alimfunga mgongoni huku anapakia mikanda, alimfundisha kusoma kwa maandishi ya mwisho wa filamu. Jana kijana alikuwa amempa zawadi huku akijua bati ni tupu. Alikuwa amemzika mama yake mara ya pili, na safari hii hakumwita baba yake msibani. Moyo ulimuuma kweli kweli, kuliko ile siku ya kwanza.

Alichukua nyundo akarudi ukumbini. Kijana akamfuata nyuma.

"Umechomwa," akamwambia mganga.

Bibi akavua miwani. "Basi vunja kile kijisanduku. Sasa hivi, kabla hajatimia. Na chochote akisema, usimjibu. Ukimjibu umemkaribisha."

Akapanda. Mashine ilikuwa baridi, waya bado umelala sakafuni alipouacha. Akakichomoa kijisanduku, akakiweka mezani, akainua nyundo, na mwanga ukapita kwenye kidirisha bila kuwashwa na mtu, na chini kule kwenye pazia yule mwanamke akawa hayuko tena mezani, yuko mtaani, mtaa wao, ndoo ya maji mkononi, anakatiza kutoka kushoto kama alivyokatiza siku ile, anageuka kama alivyogeuka, isipokuwa hakuitazama kamera, alitazama kidirishani.

Pembe ya juu ya kulia kikatokea kidoa cha pili.

"M..." alisema. Midomo ikakwama. Akafumba macho, akajaribu tena, shingo imemsimama kwa juhudi. "M... m..."

"Vunja," mganga akasema kutoka gizani. "Baba wewe, vunja."

"Mama," kijana akaita kutoka safu ya mbele.

Naye, kabla hajalimaliza jina, akacheka.

Mzee Mkanda alijua kabisa si yeye. Alijua ni nani aliyemfundisha kukwama vile, alijua siku, saa na maneno aliyotumia. Mkewe wa kweli alikuwa majivu jikoni, na hakuwa na mtu mwingine wa kumtetea duniani isipokuwa mzee mmoja na nyundo yake. Alikuwa hajaisikia sauti ile kwa miaka ishirini na sita.

Akaiweka nyundo chini, polepole, mganga asisikie. Akasogeza mdomo karibu na kidirisha.

"Rudia," akasema.