Tundu la Sita

Kibastola cha Wendell Trask kilimeza risasi tano tu. Siku ya mtihani wa shabaha, askari wote wa kaunti walisikia milio sita.

"Wendell, siku hizi unafuga mwangwi?" mmoja akamtania, wenzake wakaangua kicheko. Sajini mstaafu Hollis Pruitt, msimamizi wa uwanja, hakucheka. Alitia kidole kwenye tundu jipya la uzio, hatua moja tu kutoka pale aliposimama.

Hollis ndiye aliyempa Wendell kile chuma. Ndiyo desturi yao huko Texas magharibi: askari anayestaafu humwachia kijana anayemwamini bastola yake ya akiba, ile fupi ya kizamani inayofungwa kifundoni mwa mguu, chini ya suruali, ya kumwokoa mtu akishanyang'anywa ile kubwa ya kiunoni. Wendell aliivaa kwa fahari.

Jumapili asubuhi Darlene, mkewe, alikuwa akikaanga nyama, jiko likanuka damu mbichi. Kisha, paa! Bastola ilikuwa inaning'inia msumarini ndani ya ala yake, ukanda umefungwa, haina hata risasi moja. Ukutani mwa chumba cha mtoto palikuwa na tundu, shibiri moja juu ya kitanda walichomwandalia mtoto aliyekuwa bado tumboni. Wendell alichungulia tunduni akaiona baraza ya Hollis, ng'ambo ya barabara.

"Kitoe," Darlene alinong'ona. "Leo hii, Wendell. La sivyo natoka mimi na mwanangu."

Mchungaji aliitwa. Alikipaka kile kibastola mafuta ya baraka, na mafuta yakachemka kama yako kikaangoni. Akaaga bila kumaliza sala.

Wendell akavuka barabara. "Mzee, usinifiche. Ilikuwa ya nani?"

"Ya Duane, mwenzangu." Hollis hakumtazama. "Majambazi walimnyang'anya ile kubwa pale kituo cha mafuta. Akachomoa hii, akafyatua zote tano. Mimi nimejificha nyuma ya gari, bastola yangu imejaa, sijafyatua hata risasi moja. Akanigeukia: 'Hollis, moja tu.' Alitaka nifyatue risasi moja tu. Sikutoka, wakamuua."

"Halafu ukanipa mimi?"

"Nilichoka kulala nayo, mwanangu." Mzee alikuwa analia. "Naipeleka kwa mjane wake, nimwambie ukweli. Twende wote. Usiniache peke yangu mlangoni."

"Siwezi kukuacha, mzee."

Walifika kwa mjane mchana, jua la utosini. Hollis alishuka na kibastola kiganjani, gurudumu la risasi limefunguliwa, vitundu vyote vitano vitupu, na Wendell akashika mlango wa gari ili amfuate, lakini ile harufu ya damu ikamjaa puani, akalikumbuka lile tundu juu ya kitanda, akamkumbuka mwanawe, akajiambia bado kidogo, mzee afike kwenye ngazi kwanza, na mkono wake ukabaki pale pale mlangoni, na Hollis akageuka, akamwona amekaa, akafungua mdomo kusema neno.

Mlio ulikuwa mmoja.

Kibastola kilizikwa pamoja na mzee; Wendell mwenyewe alikiweka ndani ya jeneza. Jioni, alipovua buti, alikuta alama nyekundu ya ukanda imemzunguka kifundo, mbichi, na uzito umemning'inia hapo ingawa hakuvaa kitu.

"Wendell," sauti ya Hollis ikasema kutoka chumba cha mtoto, "moja tu."