Kisogo cha Kinyozi

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Chiriku alifagia saluni ya baba yake. Jina hilo la utani alipewa na Baba Mdogo, kwa sababu ya mdomo wake usiopumzika. Baba Mdogo hakuwa ndugu wa damu. Alikuwa kinyozi wa kiti cha pili. Kwa kuwa kinyozi hajinyoi, kila Ijumaa wawili hao walinyoana, huku wakiteta juu ya nani ana kichwa kibaya zaidi.

Tangu uchaguzi, kiti cha pili kilikuwa kitupu. Baba alijinyoa alipofikia. Kisogo hakumruhusu mtu mwingine akiguse.

“Mzee, mbona mbele mjini, nyuma msituni?” mteja mmoja alimtania.

“Mwenzangu amehamia kwenye biashara nzuri zaidi,” baba alijibu, kana kwamba ameulizwa hilo.

Chiriku alijua kuwa si kweli. Siku matokeo yalipotangazwa, alikuwa nyuma ya pazia. Vijana wenye marungu waliingia wakiwasaka wafuasi wa chama kingine, ambacho, kwa kadiri alivyoelewa, kilitofautiana na chao kwa rangi ya fulana. Walimkamata Baba Mdogo.

“Huyu ni mtu wako?”

“Simjui,” baba alisema. “Ni mteja tu.”

Wakamburuta nje, wakamvunja mkono.

Chiriku alimkumbuka Baba Mdogo kwa namna iliyomshangaza. Alitamani kusikia tena mluzi wake mbovu, na hata kejeli zake kuhusu masikio makubwa ya Chiriku. Jioni moja uvumilivu ukamwishia.

“Baba, hakuhama. Ulimkana.”

Mashine ilinguruma hewani bila kugusa kichwa cha mtu.

“Ulitaka nami nivunjwe mkono?”

“Hapana. Nataka arudi.”

Kesho yake walivuka soko hadi kwa dada yake Baba Mdogo, alikokuwa akiishi. Baba Mdogo alifungua mlango mwenyewe. Mkono wake ulikuwa umepinda. Baba alianza hotuba ndefu kuhusu ugumu wa nyakati. Chiriku akamvuta shati.

“Niliogopa,” baba alisema hatimaye. “Nikakukana. Kisha nikawaambia watu kuwa umehama.”

Baba Mdogo akajibu, “Hofu yako naielewa, hata mimi niliogopa. Lakini wale walinivunja mara moja. Wewe, kaka, umenifuta kila siku.”

“Leo nitawaambia wateja ukweli. Kiti ni chako, hata kama utanyoa kwa kushoto.”

Baba Mdogo alimgeukia Chiriku.

“Mwanangu, hao wakubwa tuliopigwa kwa ajili yao sasa wanakula meza moja. Fujo zao zimekwisha. Uongo uliobaki majumbani mwetu haujaisha. Mfupa usiponyooshwa mapema huunga vilevile, ila huunga kombo. Ukweli nao ni hivyo hivyo. Umefanya vyema kutousubiri uunge kombo.”

Kisha akaingia ndani kutafuta viatu vyake.