Bibi Ametoka Kundini

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Chiriku alikuwa na kazi moja asiyomwachia mtu: kumshikia bibi yake simu. Jina la Chiriku alipewa nyumbani, maana mdomo wake haukuwa na likizo. Bibi alisogeza kinywa karibu na simu, akaongea kwa sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya barabara.

"Nimeamka, nimefagia. Na nyie je?"

Majibu yalifuata moja baada ya jingine. Kinyozi alitanguliza kikohozi chake. Mama Pacha alilalamikia goti. Fundi Cherehani aliongea huku mashine ikinguruma. Zamani wote hao walikuwa wapangaji wa nyumba moja kubwa, yenye vyumba vingi na ua mmoja. Nyumba ile ilipobomolewa wakatawanyika, na sasa walikutana katika kundi la simu waliloliita Uani.

"Bibi, kwani hamchokani?" Chiriku aliuliza.

"Acha wivu, mke mwenzangu. Nenda shule."

Wakati wa baridi Bibi alishikwa na kifua, akalazwa hospitali. Chiriku na baba yake walipokwenda kumwona, walimkuta amelala, mdomo wazi, kichwa hakina kitambaa, mkononi ana dripu. Chiriku alisikia uchungu. Alitaka majirani wa zamani wamwombee. Akatoa simu ya Bibi, akapiga picha na kuiweka Uani, na chini yake akaandika: "Bibi yetu anaumwa sana."

Bibi alipona, akarudi nyumbani. Jioni ile ile, kabla Bibi hajawasalimia wa Uani, Baba, ambaye alikuwa fundi bomba, aliingia na mkoba wake wa vifaa, uso umemkunjamana.

"Leo nimelala chini ya sinki la mtu nafungua bomba, mwenye nyumba ananiuliza, 'Mama yako amepata nafuu? Nimeiona picha yake.' Mtu mwenyewe ndiyo kwanza nimemwona! Nani aliipiga hiyo picha?"

Chiriku alijibanza nyuma ya Bibi. Mwishowe akanong'ona, "Ni mimi, Baba."

Bibi aliomba aoneshwe. Aliitazama picha kwa muda mrefu.

"Kumbe hivi ndivyo watu walivyoniona," alisema. Hakumgombeza. Chiriku aliona heri angegombezwa.

"Mama, humo tunatoka," Baba alisema. "Mitandao hii haina siri. Picha ikishatoka, haina mwenyewe. Na wenye mtandao nao wanajua unaongea na nani, saa ngapi, ukiwa wapi."

"Haya, nitoe," Bibi alijibu. Baba akabonyeza, na Bibi akawa ametoka Uani.

Siku zilizofuata Bibi aliamka, akafagia, kisha akakaa. Simu ilibaki kabatini hadi ikaisha chaji, wala hakuiulizia. Chiriku alijaribu kila hadithi aliyoijua, lakini Bibi aliitikia "mm" tu.

"Bibi, si uwapigie simu?"

"Kupiga simu lazima uwe na jambo," Bibi alisema. "Uani hatukuhitaji jambo. Ulikaa mlangoni unachambua mchele, ukasikia sufuria ya mwenzako, ukajua yupo." Akatabasamu kidogo. "Na siri haikuwapo pale! Ukikohoa, chumba cha mwisho wanakupa pole. Ukigombana na mumeo usiku, asubuhi watu wanakuamkia kwa adabu kupita kiasi. Kero tupu. Lakini siku moja, baba yako akiwa mchanga, Mama Pacha hakusikia ufagio wangu. Alisukuma mlango akanikuta nimeanguka, sijitambui. Kero ile ndiyo iliyoniokoa."

Akaongeza, "Hatari anayoisema baba yako naijua. Ila watu wangu wako humo, mjukuu wangu. Nikitoka mimi, wao hawatoki na mimi."

Jumamosi asubuhi hodi ilibishwa. Chiriku alipofungua alimkuta Kinyozi, Fundi Cherehani na Mama Pacha, macho mekundu. Mama Pacha alimkumbatia kabla hata hajawaamkia.

"Pole, mjukuu wetu. Mbona hamkutuambia? Mazishi lini?"

"Mazishi ya nani?"

"Picha tuliiona," Kinyozi alisema huku akikohoa. "Kisha akatoweka kundini, na simu haipatikani. Tungefikiri nini?"

Sauti ikatoka ndani. "Nani huyo anayelia mlangoni kwangu asubuhi yote hii?"

Mama Pacha alipiga yowe. Kinyozi akaegemea ukuta.

"Wewe mama wewe! Tumekulilia njia nzima!" Mama Pacha alisema.

"Basi hayo machozi yawekeni akiba," Bibi alisema, lakini yeye mwenyewe alikuwa akilia na kucheka kwa pamoja. Baba alitoka uani mbio, spana mkononi, akasimama kumtazama mama yake. Hakuwa amemsikia akicheka hivyo tangu wahame nyumba ile.

Wageni walipoketi, Chiriku alisimama mbele yao.

"Picha niliiweka mimi, na sikumwuliza Bibi. Naomba muifute."

Fundi Cherehani aliinamisha kichwa. "Na mimi ndiye niliyewatumia mashemeji zangu, nikiomba dua. Nao wakawatumia wengine. Nisamehe, jirani." Wote walitoa simu wakafuta.

"Na zilizofika mbali?" Chiriku aliuliza.

"Hizo hatuzipati tena," Baba alisema. "Maji yakimwagika hayazoleki." Kisha akamgeukia Bibi. "Nilidhani nakulinda, Mama. Kumbe nimekufungia nje. Ukitaka, nitakurudisha."

"Nirudishe," Bibi alisema. Akamvuta Chiriku, akamkalisha kando yake. "Sikiliza. Kule kila mlango ulikuwa na pazia. Likifungwa fundo juu, pita ndani. Likishushwa, piga hodi usubiri. Tulibanana miaka yote ile tukapendana, kwa sababu kila mtu aliheshimu pazia la mwenzake. Simu haina pazia, mjukuu wangu. Kulishusha ni kazi yako wewe unayeishika. Jambo la mtu, muulize mwenyewe kwanza. Na la kwako, si kila mara ulitoe nje."

"Nimesikia, Bibi."

Baba aliiweka simu kwenye chaji, na ilipowaka akamrudisha Bibi kundini. Chiriku akaishika. Aliwatazama wazee wale wanne wamebanana kwenye kochi, wakikatizana maneno, Mama Pacha akifuta pua. Vidole vikamwasha.

"Bibi, niwapige picha?"

Bibi aliwatazama wenzake, kisha akatikisa kichwa.

"Leo hapana, mke mwenzangu. Leo acha tukae tu."

Chiriku akairudisha simu mahali pake, akaenda kujiletea kiti.