Njia Iliyozidi Kufupika

Haya yalimpata rafiki yangu Husni, aliyekuwa akihifadhi picha za nyumba kongwe ya Bi Alawiya, mtaa wa Langoni. Kwenye kompyuta mpakato alipanga folda kama vyumba vya nyumba yenyewe, kimoja ndani ya kingine: tekani pa kuingilia, kiwanda yaani ua, msana yaani ukumbi, kisha ndani pa kulala. Nyumba kati, chumba cha nyuma kabisa cha kuoshea maiti, Bi alimkataza.

"Usiingie, mwanangu. Ndimo tulimomwosha mume wangu, Bwana Hamdun."

Alasiri moja wamekaa tekani, wawili tu, stima ikapotea na giza likajaa vyumbani. Bi akaomba picha ya marehemu mumewe. Husni hakukumbuka alikoiweka. Akafungua folda ya tekani, akaandika amri ya kiprogramu chake kinachoonyesha njia fupi ya kulifikia faili kutoka folda uliyomo. Faili likiwa papo hapo, huandika nukta tu.

Kikaandika: kiwanda/msana/ndani/nyumba-kati

Folda hiyo ya mwisho hakuwahi kuiunda. Akarudia amri.

kiwanda/msana/ndani

Mlango ukalia gizani. Maji yakaanza kudondoka sakafuni.

"Nani huyo?" Bi akanong'ona. "Nyumbani hamna mtu."

Husni akarudia.

kiwanda/msana

Matone yakasogea karibu. Akarudia tena.

kiwanda

Harufu ya kafuri ya maiti ikawafikia. Bi akaanza kusoma Ayatul Kursiyu.

Tone la maji baridi likamwangukia Husni mkononi. Anaapa hakugusa kitufe, lakini kwenye skrini ikajiandika nukta moja.