Lenzi ya Misiba

Haya yalimkuta rafiki yangu Ambilikile, mpiga picha wa hapa Tukuyu. Lenzi yake ilivunjika, na kesho yake alitakiwa Dar kwenye harusi aliyoitegemea kumtoa kimaisha. Alizunguka maduka mpaka Bulyaga, ndipo akapata moja ya mtumba, bei chee.

"Hiyo ilikuwa inapiga misiba tu, kaka," Sekela mwenye duka alimwambia. "Wanaichukua, wanairudisha."

"Nipe hivyo hivyo, dada. Sina pa kwenda tena."

Akaifunga kwenye kamera, akawasha. Umeme ukakatika, duka likawa giza totoro. Kamera ikalia ule mlio wa kupata uso wa mtu. Kwenye skrini, kimraba cha kijani kinachofuata uso kilizidi kukua, kama mtu anayesogea. Akapeleka kiganja aizibe lenzi, akagusa kifuniko. Hakuwa amekitoa.