Kivuli cha Bluu Kwenye Shali Nyeupe

"Hii picha umeichorea wapi?"

"Chumbani kwangu. Kwani vipi?"

Zunaira alisogea mpaka pua ikakaribia turubai. Mtu ameketi, kawapa mgongo watazamaji, kajifunika shali nyeupe kichwa hadi kiuno. Uso hauonekani.

"Shahmir, usinidanganye."

"Nimekudanganya nini?"

"Chumba chako kina dirisha moja na jua haliingii. Mwanga wake ni wa baridi. Ukiweka kitu cheupe pale, penye mwanga panaelekea bluu, kivuli kinakuwa na joto, kinaelekea kahawia. Tumechora mayai pale, tumechora vikombe, ni hivyohivyo. Sasa tazama hapa. Mwanga una umanjano, kivuli ni bluu kabisa. Hili ni jua la alasiri, nje. Na huku kwenye pindo kuna wekundu unaotoka chini. Sakafu yako ni ya saruji."

Shahmir alianza kufuta brashi ambayo tayari ilikuwa safi.

"Ni nani huyu?"

"Siwezi kukwambia leo."

"Huwezi au hutaki?"

"Niliahidi."

Zunaira alichukua pochi yake akatoka. Baba yake alikuwa ameikataa posa ya Shahmir, akisema binti yake haolewi na mpaka rangi wa mabango. Kwa ajili ya Shahmir alihamia kwa shangazi yake, ng'ambo ya pili ya Lahore, na hakusemezana tena na baba. Siku hizi rafiki zake walimwambia wamemwona mchumba wake akiingia Mji wa Kale kila alasiri, boksi la halua mkononi. Aliwacheka. Sasa hakuona cha kucheka.

Hakulia. Alituma ujumbe:

"Kesho unipeleke ulipochora ile picha. Usiponipeleka, pete yako utaikuta kwa mlinzi wa geti la shangazi."

Simu ikaita palepale.

"Zunaira, nipe mpaka Ijumaa."

"Nimesema kesho."

"Yaani huniamini?"

"Nayaamini macho yangu. Wewe leo umenipa sababu gani?"

Shahmir akasema, "Haya. Kesho."

Kesho yake pikipiki ya Shahmir ilipita lango la Mji wa Kale, ikakata kona, ikakata nyingine. Zunaira akamgonga begani.

"Huku ni kwetu."

"Najua."

"Unanileta kwa baba ili anicheke?"

"Panda ngazi, mpenzi wangu. Utanigombeza ukishafika juu."

Juu ya paa, baba yake, Mzee Riyasat, alikuwa ameketi kwenye kitanda cha kamba, jua la alasiri likimpiga, shali nyeupe imemfunika kichwa. Zunaira aliliacha paa lile likiwa la saruji. Sasa lilikuwa limetandikwa matofali mekundu, mapya.

Akasimama mlangoni.

"Mimi ndiye niliyemwambia asikwambie," mzee alisema. "Nilitaka kwanza nimjue mwenyewe."

"Ukamjua, Baba?"

"Wote waliokuja kukuposa walikuja na maneno. Huyu alirudi tena baada ya mimi kumfukuza, akaniomba niketi tu. Akanitazama mpaka jua likazama. Kesho yake akaja tena. Ananiambia shali yangu ina bluu. Nimeivaa tangu mama yako yu hai, sijawahi kuiona hiyo bluu. Nikamwambia nionyeshe. Akanionyesha. Ipo kweli."

"Na halua?"

"Ya kwangu. Daktari amenikataza, usimwambie shangazi yako." Akamtazama bintiye vizuri. "Umekonda. Huyu bado unamtaka?"

"Nimekuja hapa kumwacha, Baba."

"Basi kula kwanza. Mtu haachwi na mwenye njaa."

Zunaira alianza kucheka, kicheko kikageuka kilio, akaenda akaficha uso magotini kwa baba yake. Mzee akamwekea mkono kichwani, akauacha hapo.

"Umenidhania vibaya," Shahmir alisema, "lakini kuhusu mwanga hukukosea hata kidogo."

"Kuhusu wewe, nisamehe. Kuhusu mwanga, najua sikukosea."

Ndoa ilifungwa palepale juu ya paa, baada ya Idi. Sheikh alipomuuliza kama amemkubali Shahmir, Zunaira alijibu kwa sauti iliyofika paa la jirani.

Shangazi akamfinya. "Bibi harusi hunong'ona, mwanangu."

"Anong'one asiye na uhakika," Zunaira akasema.